Shinikizo la Fuvuni Halisubiri Keekee

Kauli hii utaikuta kila mahali panapotibiwa majeruhi wa kichwa: shinikizo la ndani ya fuvu halijulikani mpaka fuvu litobolewe. Mhadhiri huisema mbele ya wanafunzi wa udaktari, daktari wa zamu huirudia, na ikimfikia ndugu wa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la nje huwa imeshafupishwa: "Hapa hatuna vipimo, tunawapa rufaa." Njia za kupima bila kutoboa, tunaambiwa, ni za kukisia tu. Hazitoi namba, wapimaji wawili hawapati jibu moja, na daktari makini hawezi kuziegemea. Basi hospitali isiyokuwa na bingwa wa upasuaji wa ubongo inabaki na kazi mbili: kujaza fomu na kutafuta gari.

Naipinga kauli hii. Na siipingi kwa hoja ile ya kwamba sisi ni maskini, kwa hiyo tuokoteze kilichopo. Hoja hiyo hunikera kuliko kauli yenyewe, maana inakubali chinichini kwamba mgonjwa wa Kibondo au Nachingwea anastahili tiba pungufu. Naipinga kwa sababu haisimami kisayansi. Inauliza swali lisilofaa, halafu inazilaumu njia nyingine kwa kushindwa kulijibu.

Tutazame kwanza kinachotokea ndani. Fuvu la mtu mzima limefungwa pande zote. Ndani yake kuna ubongo, unaochukua kama asilimia 80 ya nafasi. Kuna damu iliyo mishipani. Na kuna maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, ambayo kwa mtu mzima hufika kama mililita 150. Alexander Monro wa Edinburgh alieleza mwaka 1783, na George Kellie akakazia mwaka 1824, kwamba nafasi hiyo haiongezeki: kimoja kikizidi, kingine hakina budi kupungua. Dereva wa bodaboda akianguka na damu ikaanza kuvujia chini ya mfupa, maji husukumwa yakateremka mgongoni, damu ya vena hubanwa ikatoka, na kwa muda mgonjwa huongea vizuri, huuliza pikipiki yake iko wapi, hata hukataa kulazwa. Ni kama daladala ya jioni: wanaosimama wa mwanzo huingia bila shida, wanaofuata hubanana, kisha hufika mahali ambapo abiria mmoja tu wa ziada haingii mpaka mwingine aumie. Mililita chache za mwisho ndizo zinazopandisha shinikizo ghafla.

Kwa hiyo namba ya saa hii, hata ikiwa sahihi kabisa, haikuambii peke yake mgonjwa amefika wapi. Mwenye shinikizo la milimita 18 za zebaki tangu asubuhi si sawa na mwenye 18 ambaye saa mbili zilizopita alikuwa na 9. Kinachotakiwa kitandani ni majibu ya maswali mawili: je, huyu ana tatizo, na je, anaelekea kubaya? Bomba linaloingizwa kwenye ubongo hujibu yote mawili, tena dakika kwa dakika, na sibishi. Ninachobisha ni kwamba ndilo pekee linaloyajibu.

Walioanza kupima shinikizo hilo moja kwa moja na kwa mfululizo ni Jean Guillaume na Pierre Janny wa Ufaransa mwaka 1951, wakafuatwa na Nils Lundberg wa Lund, Sweden, aliyechapisha kazi yake kubwa mwaka 1960. Fuvu hutobolewa kwa keekee ya upasuaji, bomba jembamba hupitishwa hadi kwenye vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, na shinikizo husomwa kwa milimita za zebaki. Mtu mzima aliyelala huwa nalo kama 7 hadi 15. Njia hii ina faida ambayo hakuna nyingine inayoifikia: bomba lilelile huweza kutoa maji na kupunguza shinikizo papo hapo. Lakini pia huweza kuingiza vijidudu, huweza kuvujisha damu pale linapopita, halifai kwa mgonjwa ambaye damu yake haigandi vizuri, na hudai bingwa, chumba cha mahututi, na muuguzi asiyeondoka pale kitandani.

Watetezi wa bomba hawapendi kuulizwa swali moja: namba hiyo, ikiwa mkononi, inaokoa watu wengi zaidi? Randall Chesnut na wenzake walilijibu katika New England Journal of Medicine mwaka 2012. Wagonjwa 324 waliojeruhiwa vibaya ubongo, katika vyumba vya mahututi vya Bolivia na Ecuador, waligawanywa kwa kura. Kundi moja liliwekewa kipimo ndani ya ubongo na kutibiwa ili shinikizo lisizidi 20. Kundi la pili lilitibiwa kwa kuchunguzwa kitandani na kwa picha za CT. Baada ya miezi 6, waliofariki walikuwa asilimia 39 kwenye kundi la kwanza na asilimia 41 kwenye la pili, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu, na hata kwa waliopona hakukuwa na kundi lililolizidi jingine.

Utafiti huo umepotoshwa na pande zote. Haukuonyesha kwamba shinikizo halina maana. Makundi yote mawili yalitibiwa shinikizo, na kwa bidii. Wala haukufanyika kijijini kusiko na mashine, kwa sababu wote walipigwa CT. Ulichoonyesha ni kwamba daktari anayemchunguza mgonjwa wake kwa ratiba iliyoandikwa, na anayechukua hatua kila anapoona mabadiliko, haachwi nyuma na mwenzake aliye na namba. Hata namba yenyewe haikutulia. Mwaka 2016 mwongozo wa Brain Trauma Foundation wa Marekani uliusogeza mpaka wa kuanza tiba kutoka 20 hadi 22.

Nije kwenye kiini cha ugomvi huu. Wanaozikataa njia zisizotoboa wanazitumia kila siku. CT ni njia isiyotoboa, na haitoi milimita ya zebaki hata moja. Tochi ya kumulika mboni ni njia isiyotoboa. Kumwita mgonjwa kwa jina, kumminya ukucha, kisha kuandika alama za fahamu za Glasgow kwenye faili ni njia isiyotoboa. Hakuna anayedai tuzitupe hizo kwa sababu hazitoi namba. Kwa nini basi dai hilo liiangukie ultrasaundi ya jicho, njia ninayoitetea hapa, peke yake?

Mwaka 2019 Shannon Fernando na wenzake walichapisha katika BMJ uchambuzi wa tafiti 40 zenye wagonjwa zaidi ya 5,000, wakilinganisha kila dalili na shinikizo lililopimwa kwa kutoboa. Mboni iliyopanuka iliwagundua asilimia 28 tu ya waliokuwa na shinikizo kubwa. Rudia kusoma sentensi hiyo. Tochi, ambayo ndiyo kipimo cha kwanza na mara nyingi cha mwisho kwenye wodi zetu, iliwapita zaidi ya wawili katika kila watatu. Alama za Glasgow za 8 kushuka chini ziliwagundua robo tatu, lakini zikawatia shakani pia asilimia 60 ya wasiokuwa na shinikizo. CT nayo? Ubongo uliosogea milimita 10 au zaidi kutoka mstari wa kati ulionekana kwa asilimia 21 hivi ya wenye shinikizo kubwa. Kubanwa kwa nafasi za maji zilizo chini ya ubongo kulifanya vizuri zaidi, asilimia 86, ila kukawatia shakani karibu wanne katika kila kumi wasiokuwa nalo. Katika uchambuzi huohuo, kupima kwa ultrasaundi upana wa ala ya neva ya jicho kulitenganisha wenye shinikizo na wasio nalo vizuri kuliko dalili hizo zote. Waandishi wenyewe walionya kwamba hakuna kipimo kimoja kinachotosha kumtoa mgonjwa shakani, na nakubaliana nao kabisa. Onyo hilo linaihusu CT kama linavyoihusu ultrasaundi.

Neva ya jicho ni sehemu ya ubongo iliyochomoza hadi nyuma ya jicho. Imevikwa tando zilezile zinazouvika ubongo, na kati ya neva na ala yake hupita maji yaleyale. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, maji husukumwa hadi kwenye ala, nayo hutanuka, hasa pale mbele, milimita 3 nyuma ya jicho. Hutanuka ndani ya dakika chache. Uvimbe wa kichwa cha neva, ule tunaofundishwa kuutafuta kwa kumulika ndani ya jicho, mara nyingi huchelewa saa nyingi au hata siku kadhaa, na daktari asiyeuona hurudi mezani akiandika kwamba mgonjwa yuko salama.

Nakieleza kipimo chenyewe kwa kirefu kwa sababu wengi wanaokipinga hawajawahi kukiona. Mgonjwa amelala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo. Macho yamefumbwa, na juu ya kope imebandikwa plastiki nyembamba ili jeli isiingie jichoni. Jeli humiminwa nyingi, kiasi kwamba probu inalala juu yake bila kuikandamiza kope; mkono wa mpimaji umeegemea paji la uso, kamwe si jicho. Mashine imewekwa kwenye mpangilio wa macho, nguvu ya mawimbi ikiwa imeshushwa. Kwenye skrini jicho hutokea kama duara jeusi, na nyuma yake huteremka mstari mweusi wenye kingo mbili angavu. Mpimaji hushusha alama milimita 3 kutoka ukuta wa nyuma wa jicho, kisha huvuta mstari wa kukingama, ukingo hadi ukingo. Hugeuza probu akarudia, huhamia jicho la pili, huchukua wastani. Kazi yote ni ya dakika chache. Jicho lililopasuka haliguswi, na hilo halina mjadala.

Probu inayotakiwa ni ile bapa, ya megahezi 7.5 au zaidi, inayotumika kuangalia mishipa ya damu na tezi za shingo. Ile ya mbinuko, ya kupimia ujauzito, haifai. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wapo watetezi wenzangu wanaotamka kwamba kila hospitali ya wilaya ina ultrasaundi, wakidhani mambo yamekwisha. Nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya akina mama wajawazito. Zinahitaji kuongezewa probu, na hiyo ni gharama. Lakini ni gharama ya kiungo kimoja cha mashine ambayo tayari ipo, tayari ina chumba, tayari ina mtu anayejua kuiwasha.

Alex Koziarz na wenzake walikusanya tafiti 71 zenye wagonjwa 4,551 na kuzichapisha katika Annals of Internal Medicine mwaka 2019. Kwa majeruhi wa kichwa, kipimo cha ala kiliwagundua asilimia 97 ya wenye shinikizo kubwa, na kikawatoa shakani asilimia 86 ya wasiokuwa nalo. Kwa wagonjwa wengine wa ubongo, asilimia 92 na 86. Tafiti nyingi kati ya hizo ni ndogo, na wapimaji wake ni watu waliozoea, kwa hiyo sitegemei asilimia 97 kwenye zamu ya usiku ya hospitali yenye daktari mmoja. Hata ikishuka sana bado itaipita tochi kwa mbali.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la mpaka. Utafiti mmoja husema milimita 4.8, mwingine 5.0, mwingine 5.7, mwingine 6. Kipimo kisichojua mpaka wake, wanasema, si kipimo. Na ukiongeza kwamba wapimaji wawili huweza kutofautiana kwa milimita 0.2 au 0.3, unabaki na nini?

Unabaki na mengi. Kwa mtu mzima, ala ya milimita 4.5 na ala ya milimita 6.4 hazichanganyikani, hata wapimaji wangetofautiana kwa 0.3 kila mmoja upande wake. Utata uko katikati, kati ya 5 na 6 hivi, na mgonjwa aliye katikati ana dawa yake: kurudia. Mpimaji yuleyule, mashine ileile, baada ya nusu saa, baada ya saa moja. Ikiwa ala imetoka 5.2 ikafika 5.9, sihitaji kujua mpaka wa dunia nzima uko wapi. Kwa watoto mipaka hushuka: 4.5 kwa waliovuka mwaka mmoja na 4.0 kwa wachanga ndiyo inayotajwa mara nyingi. Anayetumia mpaka wa mtu mzima kwa mtoto wa miezi minane hajaonyesha udhaifu wa kipimo. Ameonyesha kwamba hakufundishwa.

Pingamizi la pili nalikubali. Ala iliyotanuka sana, au kwa muda mrefu, haisinyai upesi hata shinikizo likishuka. Basi kipimo hiki ni kizuri zaidi kumtambua aliye hatarini kuliko kuhakikisha kwamba tiba imefaulu. Anayetaka kukitumia kuachisha dawa, asikitumie. La tatu, la ujuzi, ni la kweli pia lakini lina ukomo: wanaofundisha huzungumzia vipimo kama 25 vya kusimamiwa kwa mtu mgeni, na kama 10 kwa aliyezoea ultrasaundi. Tabibu wetu anayejifunza kupima kijusi hufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Siwezi kuzitetea njia zote zinazoitwa za kutotoboa, na naona wanaozitetea zote kwa mkupuo ndio wanaoipa nguvu kauli ninayoipinga. Rune Aaslid alifungua mlango mkubwa mwaka 1982 alipopitisha mawimbi ya Doppler kwenye mfupa mwembamba wa panja akasikiliza damu inavyokimbia ndani ya ubongo. Chombo hicho kina kazi zake nzuri, lakini kukisia shinikizo kwa kielezo cha mdundo wa damu pekee kumeonekana dhaifu. Kwenye uchambuzi wa Fernando hakukuwa mbali sana na kubahatisha. Kupima shinikizo la jicho lenyewe ili kujua la fuvu ni dhaifu vilevile. Walioyajaribu hayo Uganda kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, wakachapisha mwaka 2014, waliona ala ya neva ikifanya kazi vizuri kuliko shinikizo la jicho.

Yupo pia Sérgio Mascarenhas, mwanafizikia wa Brazili aliyefariki mwaka 2021. Alipougua yeye mwenyewe kwa kujaa maji ubongoni na kuambiwa kwamba shinikizo haliwezi kufuatiliwa bila kutoboa, hakukubali. Alionyesha kwamba fuvu la mtu mzima, tulilofundishwa kuwa halisogei, husogea kwa vipimo vidogo mno kila moyo unapopiga, na mwendo huo unaweza kunaswa na kihisi kinachofungwa kichwani kwa mkanda. Kihisi hicho huonyesha umbo la wimbi, hakitoi namba. Afya ya ubongo husomwa kwenye umbo hilo: kilele cha pili cha wimbi kikikipita cha kwanza, ubongo umeanza kukosa nafasi. Sijui njia nyingine inayoonyesha wazi hivyo kwamba taarifa inaweza kuwa na thamani bila kuwa milimita za zebaki.

Na wale wanaosubiri ruhusa kutoka kwa wakubwa wa fani, ruhusa ilishatoka. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokutana chini ya jina la Brussels lilitoa makubaliano ya namna ya kufuatilia shinikizo bila kutoboa pale ambapo vifaa vya kutoboa havipo, na ala ya neva ya jicho imo. Kauli tunayoirudia madarasani imeachwa na walioianzisha.

Hapa kwetu mambo haya si mageni hata kidogo. Mwaka 2008 Nicholas Beare na wenzake walichapisha matokeo ya kupima ala ya neva kwa watoto wa Blantyre, Malawi, wakaonyesha kwamba ultrasaundi inaweza kumtambua mtoto wa Kiafrika mwenye shinikizo kubwa. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, Charles Newton na wenzake walikuwa wameshaonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba malaria ya ubongo hupandisha shinikizo hilo. Kisha mwaka 2015 Karl Seydel, Terrie Taylor na wenzao wakaleta picha za MRI kutoka Blantyre: kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana, asilimia 84. Kati ya waliopona, waliovimba hivyo walikuwa asilimia 27.

Weka picha hizo kando ya jaribio lililofanyika Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2007, ambapo manitoli, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, haikuwafaa watoto wenye malaria ya ubongo. Jaribio hilo hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba kujua shinikizo hakusaidii. Lakini watoto wale walipewa dawa kwa kuwa walikuwa na malaria ya ubongo, si kwa kuwa shinikizo lao lilipimwa likaonekana kubwa. Walichanganywa waliovimba na wasiovimba. Sidai kwamba manitoli ingewaokoa kama wangepimwa kwanza. Nadai kwamba hatutajua ni tiba gani inayofaa mpaka tuweze kuwatenga kitandani, na mashine ya MRI haitafika kila wodi ya watoto kati ya Kigoma na Kilifi.

Mwanza kuna mfano ninaoupenda kuliko yote, ingawa unahusu sindano ya mgongoni, si jicho. Wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, wengi wao wakiishi na VVU, hufa kwa sababu maji hayana pa kutokea na shinikizo hupanda. Kifaa rasmi cha kupimia, kile cha mrija wenye alama, mara nyingi hakipo. Madaktari wa hospitali ya Bugando ya hukohuko Mwanza hawakuandika "hatuna vipimo." Walitumia mpira wa dripu, ukasimamishwa wima, urefu wa maji yaliyopanda ukapimwa kwa sentimita, na maji yakatolewa kwa ratiba kali; kazi hiyo waliichapisha mwaka 2014. Mwaka huohuo Melissa Rolfes na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 248 wa Uganda na Afrika Kusini, wakakuta kwamba waliotolewa maji angalau mara moja zaidi mwanzoni mwa tiba walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 69, hata wale ambao shinikizo lao la kwanza halikuwa kubwa. Kama kungekuwa na sharti kwamba pasipo kifaa kamili pasifanyike kitu, mpira wa dripu ungeishia kwenye pipa la taka.

Na kabla hata ya ultrasaundi kuna utepe. Mtoto mchanga amezaliwa na dirisha la ubongo, utosi, na mishono ya fuvu lake bado inaachia. Shinikizo likipanda kwake, kichwa hukua. Katika hospitali ya CURE huko Mbale, Benjamin Warf aliona kwamba kwa watoto 300 wenye kichwa maji, asilimia 60 walikuwa wameupata baada ya maambukizi, wengi wakiwa wachanga kabisa. Watoto hao waliletwa na kichwa ambacho kilikuwa kimekua wiki baada ya wiki mbele ya macho ya watu. Kwenye kliniki nyingi nilizoziona, mtoto hupimwa uzito kila mwezi na mzunguko wa kichwa huachwa wazi. Utepe hauna umeme, hauna probu, na vielelezo vya WHO vya kuulinganisha vipo tangu mwaka 2007. Mbona hatujawahi kumsikia mtu akisema utepe haufai kwa sababu hautoi milimita za zebaki?

Limebaki swali ambalo huulizwa kwa sauti ya kuchoka: hata mkijua, mtafanya nini huko wilayani? Mengi, na hayahitaji bingwa. Kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30, shingo hunyooshwa, kola iliyobana hulegezwa ili damu ya vena itoke. Oksijeni hutolewa. Shinikizo la damu la kijana aliyejeruhiwa haliachwi lishuke chini ya 110, maana ubongo uliobanwa huhitaji damu isukumwe kwa nguvu zaidi. Dripu ya glukosi huondolewa, kwa sababu maji yake huishia kuuvimbisha ubongo. Homa hushushwa, degedege huzuiwa. Manitoli au chumvi nzito hutolewa kwa yule anayezidi kuzorota wakati gari linakuja. Na simu inayopigwa hospitali ya rufaa hubadilika: badala ya "tuna majeruhi wa kichwa" inakuwa "tuna kijana ambaye ala zake zimetanuka kwa nusu saa, andaeni chumba cha upasuaji." Aliyewahi kupokea simu hizo mbili anajua ni ipi inayomtoa daktari bingwa nyumbani kwake.

Fikiria saa nane usiku katika hospitali ya wilaya yenye gari moja la wagonjwa. Wameletwa majeruhi wawili wa bodaboda, wote alama 10 za Glasgow, wote mboni sawa kwa tochi. Kwa utaratibu wa sasa gari litamchukua aliyefika kwanza, au yule ambaye ndugu zake wamechangia mafuta. Mimi nataka aliye zamu awe na sababu nyingine ya kuchagua: huyu ala yake ni milimita 4.6, yule ni 6.3, na nusu saa iliyopita yule alikuwa 5.7.